Habari za Mwezini na Hukumu ya Ushahidi

KHUTBA YA KWANZA

Kila sifa njema anastahiki Mwenyezi Mungu, aliyeuweka mwezi juu ya vichwa vyetu ukawa kipimo cha saumu zetu na hija zetu. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, ambaye watu wa Makka walimjua kwa ukweli wa ulimi wake kabla hawajamjua kwa utume, na ziwashukie jamaa zake na masahaba zake wote.

Amma baad. Ndugu zangu Waislamu, nakuusieni, na naanza kuiusia nafsi yangu, kumcha Mwenyezi Mungu katika siri na dhahiri. Na katika mambo ambayo ucha Mungu humlazimisha mtu ni kuuchunga ulimi katika kutoa ushahidi, asiseme "ndivyo" wala asiseme "sivyo" ila kwa jambo alilolipatia elimu; kwani sikio, jicho na moyo, vyote hivyo vitaulizwa siku ya Kiyama.

Leo nasema nanyi juu ya jambo ambalo huenda baadhi yenu wakastaajabu kulisikia juu ya mimbari. Ni hizi habari za safari za angani, na hasa za watu kufika mwezini. Tangu tarehe 20 Julai 1969, siku walipoteremka mwezini Wamarekani wawili, Neil Armstrong na Edwin Aldrin, mazungumzo haya hayajakatika mabarazani mwetu. Wapo wanaosema kuwa ni uongo mtupu, picha zilipigwa jangwani: bendera hupepeaje mahali pasipo upepo, na nyota zimekwenda wapi katika picha zile? Siku hizi maneno haya yamehama barazani yakaingia katika simu za mkononi, na kijana wa miaka 15 huyapokea asubuhi kabla hajafika chuoni kwake.

Wapo na wengine, na mara nyingi ni watu wale wale katika jioni nyingine, wanaohadithia kwamba Armstrong alipokuwa kule juu alisikia sauti asiyoijua; kisha alipofika Misri akaisikia sauti ile ile, akauliza, akaambiwa hiyo ni adhana, naye akasilimu. Tazameni ajabu ya jambo hili! Mtu mwezini hakufika, lakini adhana aliisikia huko huko.

Mimi simcheki mwenye kusema hivi wala vile. Ninalotaka ni kukukumbusheni kwamba sheria yetu haikutuacha bila ya mwongozo katika kupokea habari, na khasa habari za mwezi. Sisi si wageni wa ushahidi wa mwezi. Kila ifikapo siku ya 29 ya Shaabani, akija mtu akisema kwamba ameuona mwezi wa Ramadhani, Kadhi hamkatalii kwa kuwa hampendi, wala hamkubalii kwa kuwa ni jirani yake. Humwuliza: Umeuona wapi? Saa ngapi? Pembe zake zilielekea upande gani? Mbingu ilikuwa safi au ina mawingu? Ulikuwa peke yako? Kisha hutazama uadilifu wake. Basi ikiwa umma mzima hufunga na hufungua kwa maswali haya, imekuwaje habari nyingine ya mwezi huo huo tuipokee au tuitupe pasipo kuuliza hata swali moja?

Katika Suratul-Hujurat Mwenyezi Mungu ametuamrisha kwamba akitujia mtu asiyeaminika na habari yoyote, tuichunguze, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga, kisha tukajuta. Zingatieni hapa, ndugu zangu. Aya haikuamrisha kuikataa habari ya fasiki. Imeamrisha kuichunguza. Mwenye kukataa bila kuchunguza ameikosa amri hiyo sawasawa na mwenye kukubali bila kuchunguza.

Na wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wameweka kanuni ambayo kila mwanafunzi wa fiqhi huisoma katika mlango wa ushahidi: ushahidi wa adui juu ya adui yake haukubaliwi, bali ushahidi wake kwa manufaa ya adui yake hukubaliwa. Sababu yake iko wazi. Chuki humsukuma mtu kuongeza na kupunguza. Lakini mtu akisema la kumfaa yule anayemchukia, hapo hapana cha kumsukuma isipokuwa ukweli.

Tuipeleke kanuni hii katika jambo letu. Ni nani waliokuwa mahasimu wa Marekani katika mwaka 1969? Walikuwa Warusi wa Umoja wa Kisovieti. Wao ndio waliotangulia kurusha setilaiti mwaka 1957, na wao ndio waliotangulia kumpeleka mtu angani, Yuri Gagarin, tarehe 12 Aprili 1961. Walikuwa na vyombo vyao vya kusikiliza na kufuatilia. Roketi yao kubwa ya kwendea mwezini iliripuka katika kituo chake tarehe 3 Julai 1969, siku 17 tu kabla ya Wamarekani kuteremka. Na chombo chao kingine kisicho na mtu, Luna 15, kilikuwa kikiuzunguka mwezi katika siku zile zile, kikaanguka huko tarehe 21 Julai na Wamarekani wawili wangali juu ya ardhi ya mwezi. Darubini kubwa ya redio ya Jodrell Bank, kule Uingereza, ilikuwa ikivisikiliza vyombo vyote viwili. Lau safari ile ilikuwa mchezo wa kuigiza, nani angelifurahi zaidi kuufichua kuliko hao? Nao hawakuufichua. Mwaka 1971 walibadilishana mawe ya mwezini na Wamarekani: wao walileta katika yale waliyoyachota kwa chombo chao Luna 16, gramu 101 tu, wakapewa katika yale yaliyoletwa na watu. Huu ndio ushahidi wa hasimu kwa manufaa ya hasimu wake.

Na dalili nyingine zipo, zenye nguvu na zenye udhaifu. Wamarekani waliacha mwezini vioo vinavyorudisha miali ya leza, na mpaka leo wataalamu, pamoja na wale wa Ufaransa, huipeleka miali hiyo na kuipokea ikirejea baada ya sekunde mbili na nusu hivi. Kwa njia hiyo wamejua kwamba mwezi hutukimbia kwa kiasi cha sentimita 3.8 kila mwaka. Lakini insafu inanilazimu kusema kwamba vioo peke yake havithibitishi kufika kwa mtu, kwani Warusi nao waliweka vioo kama hivyo kwa magari yasiyo na dereva. Mawe yana nguvu zaidi. Watu 12 waliotembea mwezini baina ya 1969 na 1972 walirudi na kilo 382. Wachina, ambao hawana sababu ya kuipamba Marekani, walileta udongo wao wenyewe mwezi wa Disemba 2020, gramu 1,731, wakaulinganisha na ule wa zamani. Na chombo cha Wahindi kinachouzunguka mwezi kimepiga picha mahali pale palipoteremkiwa mwaka 1969. Ama bendera, ilitiwa kijiti cha kuinyoosha upande wa juu. Na nyota hazionekani kwa sababu kamera ilitegwa kwa mwanga mkali wa jua. Haya ni mepesi.

Sasa turejee kwetu. Sisi tuna machungu na dola ile, na mengine katika machungu hayo ni ya haki. Hayo ndiyo yanayotufanya tusikilize kwa hamu kila neno la kuikadhibisha. Lakini Suratul-Maida imetukataza kwa ulimi mkali kwamba kuwachukia watu kusitupelekee kuacha uadilifu. Na kwa kanuni ile ile niliyoitaja, sisi tuliojaa chuki ndio mashahidi wasiofaa katika kesi hii. Tena kuna jambo la kuchekesha kidogo. Huyo aliyelieneza sana neno hili hakuwa mwanachuoni wa Kiislamu wala mpigania uhuru wa Afrika. Ni Mmarekani, Bill Kaysing, aliyetoa kijitabu chake mwaka 1976; naye aliacha kazi katika kampuni ya mitambo ya roketi mwaka 1963, miaka sita kabla ya safari yenyewe. Basi tunadhani tunawapinga Wamarekani, kumbe tunawanukuu.

Asinifahamu mtu vibaya. Sisemi kwamba kila kitolewacho na serikali kubwa kipokewe kama wahyi. Hasha! Wahyi ulikatika alipofariki Bwana Mtume (S.A.W.). Na katika mambo haya ya anga, serikali zimesema uongo, tena uongo uliothibiti. Kuanzia mwaka 1959 Marekani ilirusha setilaiti ikiziita Discoverer, yaani Mvumbuzi, ikawaambia walimwengu kuwa ni za elimu. Kumbe zilibeba kamera za kupelelezea nchi za watu. Zikapiga picha zaidi ya 800,000, na siri hiyo haikutolewa mpaka mwaka 1995. Warusi nao walificha kwamba Gagarin alitoka ndani ya chombo chake akashuka kwa mwavuli mbali nacho. Na ile roketi yao iliyoripuka, waliukana mpango wake wote kwa miaka 20.

Na jambo hili lilitugusa hapa hapa pwani yetu. Mwaka 1960 Waingereza, waliokuwa wakitawala Unguja, walikubaliana na Wamarekani kujengwe kituo cha kufuatilia vyombo vya angani, kikajengwa Tunguu. Kilikuwa kimoja katika msururu wa vituo uliopita Kano, mji wa ndugu zetu wa Nigeria, ukaja Unguja, ukaendelea mpaka Australia. John Glenn alipoizunguka dunia tarehe 20 Februari 1962, alizungumza kwa redio na waliokuwa Tunguu. Wananchi wengi walikikataa kituo kile. Waliandamana, wakasema ni cha kivita, na kwamba kitakifanya kisiwa kuwa shabaha siku yakipigana mataifa makubwa. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 serikali mpya iliamuru kiondolewe, kikaondolewa mwaka ule ule.

Je, watu wale walikuwa wajinga? Kwa yakini hawakuwa. Walikuwa wakiambiwa kwamba ni elimu tupu, katika miaka ile ile ambayo Discoverer nayo iliitwa elimu tupu. Walikuwa na haki ya kuuliza kimejengwa kwa idhini ya nani, na kwa faida ya nani. Lakini tofautisheni, Mungu akurehemuni, baina ya maswali mawili. Swali la kwanza ni: jambo limetokea au halikutokea? La pili: limefanywa kwa nia gani, na kwa mali ya nani? Glenn alipita angani juu ya Unguja. Hili halina shaka. Ama nia ya waliomrusha, hapo shaka ni halali, na pengine ni wajibu. Kosa letu ni kwamba tumeliacha swali la pili, ambalo lina maslaha yetu ndani yake, tukalishughulikia la kwanza, ambalo ushahidi wake umekwisha timia. Mtu hukesha akibishana juu ya bendera, na hana habari ya nani leo anayeipiga picha nchi yake kutoka juu kila siku, na picha hizo huuziwa nani.

Nasema maneno yangu haya, na namwomba Mwenyezi Mungu anighufirie mimi na nyinyi. Mwombeni msamaha, hakika Yeye ndiye Mwenye kusamehe.

KHUTBA YA PILI

Tunamhimidi Mwenyezi Mungu kwa neema ya akili na neema ya wahyi, na tunamsalia Mtume wake aliyekuja na haki.

Ndugu zangu, katika khutba ya kwanza tumezungumza juu ya wenye kukanusha. Sasa tuwatazame wenye kusadiki, maana kwao naona hatari zaidi.

Ile hadithi ya Armstrong kusilimu ilienea katika ulimwengu wote wa Kiislamu, kuanzia Misri hadi Indonesia na Malaysia. Barua za kumpongeza na kumwalika zikawa nyingi. Ilipofika Machi 1983, Wizara ya Nje ya Marekani ikapeleka ujumbe kwa balozi zake katika nchi za Kiislamu, wenye maana kwamba bwana huyo hakusilimu, na kwamba hakusudii kuivunjia heshima dini yoyote. Yeye mwenyewe aliishi mpaka mwaka 2012, na hakupata kusema kuwa ni Mwislamu. Isitoshe, mwezini hapana hewa, na sauti haiendi mahali pasipo hewa. Mtoto wa skuli analijua hilo.

Sasa mfikirini kijana aliyeambiwa na maalimu wake, juu ya mkeka wa chuo, kwamba dalili ya ukweli wa dini yake ni kusilimu kwa mtu yule. Akaipokea kwa moyo safi. Baada ya miaka akaenda skuli ya juu, akausoma ule ujumbe wa mwaka 1983. Atasema nini? Ataanza kwa kusema: maalimu wangu alinidanganya. Halafu ataingiwa na fikra nyingine iliyo mbaya zaidi: na mengine aliyonifundisha je? Nani atakayebeba dhambi ya shaka hiyo? Yule aliyesimulia alidhani anauinua Uislamu.

Na iko picha inayozungushwa ikisemwa kwamba ni alama ya kupasuka kwa mwezi katika zama za Bwana Mtume (S.A.W.), na kwamba Wamarekani wenyewe wamekiri hayo. Picha ni ya kweli. Ilipigwa mwaka 1969 na chombo cha Apollo 10. Kinachoonekana ni bonde refu lenye urefu wa zaidi ya kilomita 300, nalo limetokea kwa ardhi kudidimia baina ya nyufa mbili. Haliuzunguki mwezi, wala hakuna mtaalamu wao aliyekiri hayo wanayosingiziwa. Sisi tunaamini kupasuka kwa mwezi kwa sababu kumetajwa katika Qur-ani na kumepokewa kwa njia sahihi kutoka kwa masahaba walioshuhudia. Imani hiyo ilisimama karne 13 kabla hapajakuwepo kamera. Ina haja gani ya kuegemezwa kwenye picha ya bonde?

Sikilizeni kisa cha Bwana wetu Muhammad (S.A.W.). Katika mwaka wa 10 wa Hijra alifariki mwanawe Ibrahim, mtoto mchanga, na siku hiyo jua likapatwa. Watu wa Madina wakasema: jua limepatwa kwa msiba wa mtoto wa Mtume. Angalieni hali ilivyokuwa. Baba ana majonzi, jicho linatoka machozi. Umma mzima umeona giza mchana. Na maneno wanayoyasema yanamtukuza yeye na nyumba yake. Lau angelinyamaza tu, yangelithibiti nyoyoni mwa watu mpaka siku ya Kiyama kuwa ni muujiza wake. Hakunyamaza. Aliwasalisha Sala ya kupatwa kwa jua, kisha akawahutubia akawaeleza kwamba jua na mwezi ni ishara mbili katika ishara za Mwenyezi Mungu, na havipatwi kwa kufa kwa mtu wala kwa uhai wake. Aliikataa dalili ya uongo ilhali yeye ndiye mwenye kufaidika nayo, na katika saa ambayo hapana mtu angelimlaumu kwa kuwa kimya. Basi sisi ni nani hata tuitumikie dini yake kwa kile alichokikataa yeye?

Na wapo wanaoingia katika hatari nyingine, ya kumkufurisha mwalimu wa skuli kwa kuwa amefundisha kwamba watu wamefika mwezini. Huwa wanashika ile aya ya Suratur-Rahmani yenye kuwaambia majini na watu kwamba wakiweza kupenya pande za mbingu na ardhi na wapenye, na hawatapenya ila kwa nguvu. Wenziwao wanaishika aya hiyo hiyo kuthibitisha roketi. Wafasiri wengi wa zamani wameieleza juu ya watu kutoweza kuikimbia hukumu ya Mwenyezi Mungu, na mauti, na siku ya Kiyama. Haikuteremka kukataza chombo wala kukisifu. Marehemu Sheikh Abdul-Aziz bin Baz, aliyekuwa mmoja wa wakuu wa Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Madina wakati habari hizi zilipofika, aliandika kwamba hapana dalili ya kisheria yenye kuzuia watu kufika mwezini, na kwamba haifai kusadiki wala kukadhibisha ila kwa hoja. Naye hakuwa mtu wa kuyumbishwa na wataalamu wa Magharibi: katika maandishi hayo hayo alishikilia kwamba ardhi imetulia haiendi, jambo ambalo wanavyuoni wengi hawakukubaliana naye. Hata hivyo mlango wa kufika mwezini hakuufunga, kwa kuwa hakuona aya ya kuufungia.

Baadaye Waislamu wenyewe walikwenda angani, ingawa si mwezini. Mwanamfalme Sultan bin Salman wa Saudia alipanda katika chombo Discovery tarehe 17 Juni 1985, katika siku za mwisho za Ramadhani ya 1405, akasali na kusoma Qur-ani huko juu. Mwaka 2007 akaenda Sheikh Muszaphar Shukor wa Malaysia, naye katika Ramadhani. Kabla ya safari yake wanavyuoni wa nchi ile walikaa pamoja wakaulizana: mtu aliye katika kituo kinachoizunguka dunia mara 16 kwa siku, jua likimchomozea na kumtulia mara 16, atasali Sala ngapi? Wakajibu kwamba ni tano kwa kila saa 24, kwa nyakati za mahali aliporukia. Na Kibla? Aielekee Al-Kaaba kadiri awezavyo. Asipoweza, aielekee dunia. Asipoweza, aelekee popote. Hivi ndivyo wanavyuoni wanavyolikabili jambo jipya. Hawakupoteza siku kuuliza kama kituo kipo.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, ikikufikieni habari katika simu usiku wa leo, ya mwezi au ya jambo jingine, muulizeni mwenye kuileta yale maswali ya Kadhi: nani ameona, wapi, lini, na wewe umeipata kwa nani. Akishindwa kujibu, habari hiyo imalizikie kwenu.

Ewe Mola wetu, tuonyeshe haki kuwa ni haki na uturuzuku kuifuata, na utuonyeshe batili kuwa ni batili na uturuzuku kuiepuka. Zitakase ndimi zetu na ushahidi wa uzushi. Walinde watoto wetu katika vyuo vyao na skuli zao, na uwape walimu wetu elimu yenye manufaa. Warehemu wazee wetu waliotangulia, waponye wagonjwa wetu, na uwaongoze viongozi wetu katika lenye kheri na raia. Amina.

Simameni kwa Sala, Mwenyezi Mungu akurehemuni. Aqimis-sala.